Mkondoa Hauonyeshi Miguu

Mama aliinama juu ya meza, akarekebisha miwani, akautazama mto wangu wa mfano kimya. Nilikuwa nimeumaliza siku tatu kabla. Resini, kimiminika kinachoganda kikawa kigumu, safi kama kioo, chini yake vijiwe nilivyovipanga kimoja kimoja kwa kibanio, mchanga wa rangi tatu, na kijiti kilicholala kama gogo lililozama. Mwanga wa dirishani ulikuwa unapenya mpaka chini kabisa. Nilisubiri.

"Mzuri," akasema. Akanyamaza tena. "Lakini huu si Mkondoa, baba. Mkondoa ukitia mguu, mguu unapotea."

Miezi mitano imepita. Karibu kila anayeingia chumbani kwangu kuiona reli yangu ya mfano huanza kwa kuuliza maji nimeyatengenezaje, na jibu langu linaanzia kwenye maneno hayo ya mama.

Nieleze kwanza ninachojenga. Ni kipande cha Reli ya Kati kati ya Kilosa na Kidete, mahali ambapo reli na mto vimebanana kwenye bonde moja. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa gengi, yaani kikosi cha kutunza reli, katika kipande hicho, na sisi wanawe tumekulia kwenye nyumba za gengi, mlango wa mbele ukitazama reli na wa nyuma ukitazama mto. Wajerumani walioanza kuijenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905 walihitaji pa kupandia kutoka Kilosa kwenda nyanda za Dodoma, na bonde la mto liliwapa mwinuko ambao treni inauweza. Wakaufuata mto. Tangu hapo viwili hivyo havijaachana: kuna mahali tuta la reli ndilo ukingo wa mto, na mto ukitaka nafasi unaichukua kwa reli.

Meza yangu ni nusu ya bao la plaiwudi, futi 8 kwa futi 2, kwenye chumba cha uani hapa Morogoro. Kipimo ni 1:87, yaani kila kitu kimegawanywa kwa 87. Mtu mzima anakuwa na urefu wa milimita 20 hivi. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, na reli ndogo za upana wa milimita 12 zinazotengenezwa Ulaya kwa wapenzi wa treni za milimani za Uswisi zinakaribia sana kipimo hicho. Nimeziondoa mataruma, yale magogo yanayobeba reli, ya plastiki yenye sura ya mbao na kuweka vipande vya bati vilivyokunjwa, maana mataruma yetu ni ya chuma. Habari za reli zina siku yake. Leo ni maji.

Nilijifunza kwa video za mafundi wa Ulaya na Marekani, na ninawashukuru, ni watu hodari na hawafichi ujuzi. Karibu wote wanafundisha hivi: paka rangi sakafu ya mto, iwe nzito katikati penye kina na ipauke kuelekea kingoni, panga mawe, kisha mwaga resini tabaka kwa tabaka. Jicho linapita kwenye resini, linafika chini, linaamini kuna kina. Kwa kijito cha milimani ni sawa kabisa. Lakini maji ya Mkondoa yanatoka Dodoma. Mvua ikipiga huko juu, Kinyasungwe unazoa udongo wa nyanda zile kavu, unapita Gulwe na Godegode, unashuka bondeni ukiwa Mkondoa, na ukishaipita Kilosa unakwenda kuwa Wami mpaka baharini upande wa Saadani. Njia nzima umebeba ardhi. Nuru ikiingia kwenye maji ya namna hiyo haifiki mbali, chembe za udongo zinairudisha. Maji ya shubiri moja na maji ya kumeza mtu yana sura ileile, ndiyo maana mama zetu walikuwa wakali vile tukisogea mtoni. Mimi nilikuwa nimetumia wiki mbili kupamba sakafu ambayo mto huu wakati wa masika haujawahi kumwonyesha mtu.

Nilikuwa nimekulia kwenye kingo zake na bado nilijenga mto wa watu wengine. Hilo lilinikosesha usingizi.

Aprili nikapanda basi la Kilosa linalopita Dumila. Sikwenda na kamera ya maana, simu tu, daftari, na chupa tupu ya lita moja na nusu. Nikatafuta mahali pa kukaa kwenye ukingo, karibu na daraja la reli, nikakaa saa moja na nusu bila kufanya kingine zaidi ya kutazama. Ningemshauri hivyo kila anayetaka kujenga maji. Picha inakupa rangi ya dakika moja. Ukikaa unaona kinachobadilika na kisichobadilika.

Kwanza rangi. Nilikuwa nasema kichwani "kahawia," neno moja. Pale mtoni nikaona ni rangi ya chai ya maziwa, na kitu kilichonishangaza ni kwamba maji yalikuwa meupe kuliko ukingo wake. Udongo wa ukingoni, uliolowa, ulikuwa umekoza kama kahawa. Maji yaliyobeba udongo huohuo yalikuwa yanang'aa. Nikijiinua na kutazama chini wima, naona chai. Nikichutama macho yakakaribia usawa wa maji, chai inatoweka, naona mbingu, nyeupe na ya kijivu. Katikati ya hapo ni mchanganyiko: kila kiwimbi kina upande mmoja wa chai na upande mmoja wa mbingu.

Pili, mwendo. Mto ule haukuwa na mawimbi. Ulikuwa na mikunjo, kama ngozi ya maziwa unapoyapuliza kikombeni. Katikati mikunjo ilikuwa mirefu na ya haraka. Pembeni maji yalikuwa laini kabisa, karibu yamesimama, na mahali pengine yalikuwa yanarudi nyuma polepole, yakielekea yalikotoka. Kwenye nguzo ya daraja nilikaa muda mrefu kuliko kote, nitarudi hapo.

Tatu, majani. Nyasi zote za ukingoni zilikuwa zimelala upande mmoja, upande maji yanakokwenda, na zilikuwa na tope mpaka urefu fulani, kisha kijani safi kuanzia hapo kwenda juu. Mstari ulionyooka, kama mtu amepima kwa pima maji. Ndipo nilipojua ninajenga siku gani. Sitajenga gharika yenyewe wala kiangazi. Ninajenga wiki moja baada ya maji makubwa, mto ukiwa unapungua na bado haujasamehe.

Nikachota maji kwenye chupa, nikarudi nayo nimeipakata.

Chupa ile niliiweka dirishani. Asubuhi mchanga ulikuwa umeshakaa chini, mweusi na mzito. Juu yake tabaka la tope laini kama uji wa mtoto. Juu ya tope, maji bado yalikuwa na utusitusi kama maji ya kuoshea mchele, na yalichukua siku nne kuwa angavu. Tope lilifika unene wa vidole viwili. Vidole viwili katika chupa moja! Nilimwita binti yangu aone. Alikuwa darasa la nne, akauliza swali zuri: mto wenyewe unakwenda kuyaweka wapi yote hayo? Nikamwambia mengine unayaacha njiani, chini ya madaraja, sakafu inapanda kila mwaka, na maji ya mvua inayofuata yanakosa pa kupita isipokuwa juu ya reli.

Tope nililimwaga kwenye sinia, nikalianika, nikalisaga kwa chupa, nikalichekecha kwa chujio la chai kisha kwa soksi ya nailoni. Nikapata vumbi la kama nusu glasi. Hilo ndilo rangi yangu. Lakini vumbi peke yake halitoshi, nililigundua hilo kwa kujaribu: ukilichanganya na gundi nyeupe na maji, likikauka linapauka, ukipaka vanishi juu, linakoza tena mpaka linakuwa kama ukingo, wala si kama maji. Nikatengeneza vipande tisa vya plaiwudi, kila kimoja ukubwa wa kiganja, kila kimoja na mchanganyiko wake, nusu yake nimepaka vanishi, nusu nimeacha. Nikavipanga mezani, nikamwita mama.

Hakuhitaji muda. Alivisogeza kwa kidole kama mtu anayechambua mchele. "Hii ni Januari. Hii ni mvua ya kwanza kabisa, ile inayokuja na majivu ya mashamba yaliyochomwa, maji yanakuwa meusi. Hii siijui. Hii nayo siijui." Kipande cha sita alikiinua, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. "Hii ndiyo mto unapungua."

Kipande cha sita kilikuwa hivi: sehemu tatu za rangi ya akriliki ya njano ya mchanga, sehemu moja ya kahawia iliyoungua, nusu sehemu ya nyeupe, na kijiko kimoja cha chai cha vumbi la Mkondoa kwa kila kikombe kidogo cha kahawa. Ninaamini nyeupe ndiyo iliyofanya kazi. Watu wengi wakisikia maji ya tope wanakwenda moja kwa moja kwenye kahawia nzito na wanaishia na mto wa chokoleti. Maji ya tope yanarudisha nuru. Usipoweka nyeupe, umepaka tope, hujapaka maji.

Mto wa zamani sikuung'oa. Resini ikishakauka ni kama jiwe, ningevunja kingo zote. Niliusugua wote kwa msasa namba 120 mpaka ukapoteza mng'aro, ili rangi ipate pa kushika, nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, nikapaka juu yake. Vile vijiwe nilivyovipanga kimoja kimoja bado vipo chini. Nadhani hata Mkondoa wenyewe una vijiwe vizuri huko chini.

Upakaji nao una mwelekeo. Sikutumia brashi, nilitumia kipande cha sponji ya godoro, nikikigusisha na kukivuta kufuata mkondo, rangi ya pili ikiingia kabla ya kwanza haijakauka. Sheria ya "nzito katikati, nyepesi pembeni" niliiacha kabisa. Kwenye maji yasiyoonyesha chini, rangi haikwambii kina. Kilichobaki cha kuutofautisha mto ni mwendo wake, na mwendo unaonekana usoni. Kwa hiyo uso wa maji ndio uliokula muda wangu mwingi.

Mimi ni fundi wa vioo na madirisha ya aluminiamu, na silikoni naishika kila siku ya kazi, kwa hiyo wazo la kwanza lilikuwa kutengeneza viwimbi kwa silikoni ile angavu. Nikajizuia. Silikoni ikishakaa, hakuna rangi inayoshika juu yake, na nilijua nitataka kurekebisha. Nilichotumia ni karatasi ya chooni na gundi nyeupe. Inasikika kama kazi ya watoto wa chekechea, lakini fuata. Unachukua karatasi ya tabaka moja, unailaza juu ya mto, unailowesha kwa brashi laini yenye gundi iliyozimuliwa na maji nusu kwa nusu. Ikilowa inalegea kama ngozi. Hapo una dakika chache za kuisukuma kwa ncha ya brashi, ikunjamane unavyotaka: mikunjo mirefu katikati, pembeni unainyoosha iwe laini kabisa. Ukiivuta kwa pupa inachanika. Ikichanika, weka kipande kingine juu, mpasuko hautaonekana. Acha usiku kucha. Asubuhi unakuta uso mgumu, mweupe, wenye mikunjo ile niliyoiona Kilosa. Unapaka rangi ya kipande cha sita juu yake, unapitisha tone la rangi nyepesi zaidi kwenye migongo ya mikunjo, halafu vanishi ya kung'aa, mara tano au sita, kila mara ukisubiri ikauke. Tumia vanishi ya maji. Ile ya mafuta hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda, na rangi uliyoihangaikia wiki nzima itakuponyoka.

Kwenye mikunjo kuna hesabu ambayo usipoifanya kazi yote inaharibika. Mkunjo wa sentimita 10 mtoni ni milimita moja na kidogo mezani. Milimita moja! Mkono unapenda kuzidisha, kwa sababu mkunjo wa milimita moja unauona mdogo mno ukiwa umeinama na brashi. Inuka, simama mita moja kutoka mezani. Kwa kipimo chetu hapo ni kama umesimama mita 87 kutoka mtoni, juu ya kilima. Ukiona mawimbi kutoka huko, umejenga bahari.

Binti yangu aliniuliza kwa nini nisitie maji ya kweli, tena ya chupa ileile. Nilimchukulia uzito, nikamwonyesha. Nikadondosha tone moja kwenye plaiwudi karibu na mtu wangu wa plastiki wa milimita 20. Tone lilikaa limevimba, likafika kwenye muundi wa yule mtu. "Umewahi kuona tone la maji linakufika kwenye muundi?" Maji hayakubali kupunguzwa mara 87. Ngozi yake ya juu ina nguvu ileile mtoni na mezani, inapanda kwenye kingo na kujikunja, na ukiligusa beseni viwimbi vinavyotokea ni vya beseni, siyo vya mto. Tena kuna kutu, umeme wa reli, na mbu. Akakubali, lakini tone lile alilichezea mpaka likakauka.

Sasa nguzo ya daraja. Mto wangu una upana wa sentimita 26, sawa na mita 22 na nusu hivi, na nguzo moja imesimama majini. Pale Kilosa niliona kuwa nguzo inapokea maji kama bega linavyopokea mzigo. Upande maji yanakotoka, yanajikusanya na kuinuka, kilima kidogo kisichoondoka ingawa maji yake yanabadilika kila sekunde. Kutoka kilima hicho mikunjo miwili inafunguka kushoto na kulia, inakwenda ikipanuka kama mkia wa samaki. Nyuma ya nguzo ni utulivu wa ajabu. Maji yanazunguka taratibu, na kila kitu chepesi kinachopita kinavutwa humo: povu la rangi ya krimu, majani, kipande cha mgomba, ndala moja ya bluu. Ndala ile ilizunguka muda wote niliokaa. Ilifika karibu kutoka, ikarudi.

Kilima nilikijenga kwa tabaka tatu za karatasi, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, kimo chote kisizidi milimita tatu. Mkia wa samaki ni nyuzi za pamba zilizolowa gundi, zikalazwa chini ya karatasi ya juu kabisa ili ziinue uso bila kuonekana. Povu ni rangi nyeupe yenye njano kidogo, nimeigusisha kwa sponji iliyokauka, na niligusisha mara mbili tu nikaacha, kwa sababu povu ukilianza halikuachi. Silikoni ilipata kazi yake hapo mwisho, baada ya rangi na vanishi zote. Tone dogo kwenye kichwa cha kilima, linavutwa kwa kijiti cha meno kuizunguka nguzo, uzi mwembamba kila upande. Ikikauka inabaki na weupe hafifu, kama maji yanayogongana. Na ndala ipo, kipande cha plastiki ya mfuniko wa chupa, milimita tatu.

Kwenye nguzo yenyewe nimekwamisha takataka za mto: vijiti, nyasi kavu za ufagio zilizokatwakatwa, mizizi ya kitunguu iliyokaushwa. Hiyo ya kitunguu nawapendekezea wote. Haina mfano kwa mizizi ya miti iliyong'olewa.

Kingo zilikwenda haraka kuliko nilivyodhani. Chini ni lile povu jeupe jepesi linalokuja na friji ndani ya boksi, nimelichonga kwa kisu cha ofisini na kulifunika kwa jipsamu, kisha udongo wa Mkondoa na gundi. Mstari wa tope kwenye nyasi niliupaka kwa brashi bapa nikiwa nimeegemeza mkono kwenye rula.

Lakini kuna sehemu moja ya tuta iliyonichukua siku nne, nayo haina maji hata tone. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto ulikula reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Baba alikuwa ameshastaafu siku nyingi. Mahali fulani tuta lote liliondoka na reli zikabaki zinaning'inia hewani na mataruma yake ya chuma, kama ngazi iliyolazwa. Baba alipoiona picha gazetini alilikunja gazeti polepole, akaliweka chini ya mto wa kitanda chake. Sikutaka kuijenga ngazi ile. Nimejenga mahali palipokwisha kurudishwa: mita ishirini za kokoto mpya, nyeupe, katikati ya kokoto za zamani zilizoiva kwa mafuta na kutu, na chini yake mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya kuuzuia ukingo. Nyavu hizo ni chandarua cha dirisha la aluminiamu. Ukipita na jicho unaona tu kwamba rangi ya kokoto imebadilika. Mtu wa gengi ataelewa.

Resini sikuitupa. Chini ya tuta, upande wa pili wa mto, maji ya mafuriko yanapopungua huacha madimbwi, na dimbwi likikaa siku nne linafanya kile ilichofanya chupa yangu: tope linazama, maji yanakuwa angavu. Kwa hiyo pale, hatua chache kutoka mto usioonyesha kitu, kuna madimbwi mawili unayoona mpaka chini, nyasi zilizozama zikiwa bado zimesimama. Hapo resini iko nyumbani. Pima kwa mizani, usikadirie kwa jicho, ukifuata uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Koroga polepole, ukikoroga kama unapiga mayai unaingiza hewa. Mwaga kidogo, milimita mbili au tatu kwa mara moja, maana resini nyingi ikijikusanya inachemka yenyewe na kupasuka. Ziba kila tundu kwanza. Mara ya kwanza nilisahau tundu la msumari lisilozidi unene wa sindano, na resini ilidondoka sakafuni usiku mzima. Mapovu yakipanda, yapulizie kwa pumzi ya joto karibu na uso wake. Halafu funika kwa boksi, vumbi linapenda resini mbichi. Na kama unaweza, usimwage wakati wa mvua. Unyevu wa masika unaacha utando wa kunata juu yake. Ukitokea, uoshe kwa maji ya sabuni, uache ukauke, sugua kidogo kwa msasa laini, kisha mwaga tabaka jembamba la mwisho.

Kuna rafiki yangu anayetaka kujenga Kigoma, pale reli iliyofika mwaka 1914 inapokutana na ziwa. Nimemwambia asinifuate mimi, arudi kwa wale mafundi wa Ulaya. Tanganyika ni ziwa angavu, mawe ya ufukweni unayahesabu, na kina kinakuja ghafla. Huko sakafu ndiyo kila kitu. Amekwenda Kigoma wiki iliyopita kukaa ufukweni na daftari. Nasubiri kuona.

Jumapili jioni mama aliingia tena. Nilikuwa nimewasha taa moja tu, ya pembeni, ya chini, ili mbingu ilale juu ya maji. Aliinama kama mara ile. Alianzia darajani, akafuata ukingo polepole kuelekea upande wa nyumba za gengi, kidole chake kikiwa hewani juu ya nyasi zilizolala. Akafika mwisho wa meza, akarudi. Akafuata tena.

"Jiwe langu liko wapi?"

Sikuelewa. Akaniambia: jiwe la kufulia. Bapa, chini ya nyumba ya pili, upande wa juu wa daraja. Masika lilikuwa linazama lote, na mto ukianza kupungua ndilo lililokuwa linatoka kwanza. Wanawake wa gengi walikuwa wanakuja asubuhi kulitazama kabla hawajawaruhusu watoto kutoka nje. Kwa mto huu wangu, akasema, kwa kimo hiki cha maji, mgongo wake ungekuwa umeshaonekana.

Nikamuuliza lilikuwa kubwa kiasi gani. Akatazama huku na huku, akapima kwa macho kutoka aliposimama mpaka mlangoni. Hatua mbili na nusu. Milimita 20 hivi. Na kutoka darajani? Hatua ishirini, labda ishirini na mbili ukiwa na ndoo. Sentimita 17.

Nimepata kijiwe kwenye kokoto za jirani anayejenga, kimepasuka vizuri upande mmoja. Leo usiku nakata ukingo. Mama ameniagiza nisikilaze sawasawa, kiinamie maji kidogo, ili povu la sabuni liondoke lenyewe.